Filimbi ya Zamu

Saa kumi na mbili asubuhi, filimbi ililia kwenye geti la chuo. Prii! Kimya kidogo. Kisha ikalia tena, prii!

Mama mkwe wangu, Bibi Domitila, alikuwa ameshaamka. Alikuwa ameketi kitandani, amejitanda shuka, anasubiri.

"Romana," aliita. "Filimbi imelia. Weka chai. Mwanangu anakuja."

"Chai iko tayari, Mama."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mimi ni Romana, lakini hapa mtaani kwetu Bonga wananiita Mama Kindness. Kindness ni binti yetu. Mume wangu anaitwa Leonsi. Ni mlinzi wa usiku katika chuo kikuu kilicho ng'ambo ya barabara ya Dodoma. Mimi pia ni mfanyakazi wa chuo hicho. Ninafanya usafi. Ninadeki madarasa, ninafagia njia, ninasafisha vyoo vya mabweni. Sioni haya kusema hivyo. Choo kisiposafishwa, hata profesa anakimbia.

Filimbi ile ilikuwa na habari yake. Chuo kilianza wakati mkoa wetu wa Manyara ni mpya. Mlinzi alikuwa mmoja tu, Mzee Xaveri. Alikuwa na filimbi ya chuma. Alipostaafu, aliiacha getini. Walinzi waliomfuata wakajiwekea desturi. Mlinzi anayetoka anaipuliza, kisha anamkabidhi anayeingia. Anayeingia naye anaipuliza palepale. Hapo ndipo lindo linakuwa lake. Asipopuliza, hajapokea zamu.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi. Kuifuta ile filimbi kabla ya kuipuliza kulikuwa ni matusi. Ni kama kumwambia mwenzako, "Wewe ni mchafu." Mume wangu alinisimulia hayo kwa majivuno. Mimi nilicheka tu. Nilisema wanaume nao wana mambo.

Mwaka 2020, mwezi wa tatu, ugonjwa wa korona uliingia nchini. Serikali ilitangaza shule na vyuo vifungwe. Kindness alirudi nyumbani na daftari zake. Wanafunzi wa chuo walibeba mabegi, wakapanda mabasi, wakaenda kwao. Njia za chuo zikabaki tupu.

Lakini chuo hakifungwi kama duka. Wako wanafunzi ambao kwao ni nje ya nchi, na mipaka ilikuwa imefungwa. Wale walibaki katika bweni moja. Wako ng'ombe wa mafunzo, nao wanataka maji na kukamuliwa. Kuna pampu ya kisima. Kuna majokofu ya maabara yenye mbegu, yasiyotakiwa kuzimika. Vitu hivyo vyote vinataka watu.

Bwana Edward, msimamizi wa majengo, alituita uwanjani. Alitutaka tusimame mbalimbali.

"Walimu watakuwa nyumbani," alisema. "Sisi wa majengo hatuna nyumbani. Nani yuko tayari kubaki?"

Watu walitazama viatu vyao. Mimi niliinua mkono.

"Mama Kindness, una hakika?"

"Wale watoto wa watu waliobaki bwenini wataoga wapi, Bwana Edward? Watanawa na nini? Mimi nipo."

Wenzangu wa usafi wakaanza kuinua mikono mmoja mmoja. Walinzi nao walibaki, pamoja na mkuu wao, Damasi. Fundi wa pampu alibaki. Wa ng'ombe walibaki.

Kisha Nesi Brigita wa zahanati ya chuo alisimama mbele yetu. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kanisani.

"Sikilizeni," alisema. "Ugonjwa huu unatoka mdomoni na puani. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, au hata akiongea kwa nguvu, anatoa matone madogo ya mate. Huyaoni kwa macho. Ukiyavuta, unaugua. Ukishika mahali yalipoangukia, kisha ukajishika mdomo, pua au macho, unaweza kuugua."

"Sasa tufanyeje, Nesi?" niliuliza.

"Vaeni barakoa, ifunike mdomo na pua. Siyo kidevu, Damasi, kidevu hakipumui! Naweni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kaeni mbalimbali. Fungueni madirisha. Na ninyi wa usafi, futeni kila mahali panaposhikwa na watu wengi. Vitasa, koki, swichi, mikono ya ngazi."

"Na jiki?"

"Jiki inachanganywa na maji peke yake. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo. Ule moshi wake utakuharibia mapafu. Na vaa glavu."

Niliyashika yote. Kila nilipomaliza kazi nilivua koti la kazi kulekule chuoni. Nilioga bafuni kwa wafanyakazi. Nilivaa nguo safi ndipo nikavuka barabara kwenda nyumbani. Nyumbani ninaye mzee. Bibi Domitila ni mtu wa miaka themanini na zaidi, na kifua chake ni kibovu tangu zamani. Nesi alituambia wazi kwamba wazee ndio wanaoumizwa zaidi na ugonjwa huu. Nilikuwa naogopa. Lakini woga wangu niliufanyia kazi. Sikuukalia.

Siku moja jioni Leonsi aliniita ukumbini. Alikuwa amevaa tayari nguo za lindo. Uso wake ulikuwa wa hukumu.

"Mama Kindness, acha kazi."

"Niache kazi kwa nini?"

"Unasafisha vyoo vya wageni. Unashika uchafu wa watu. Utamletea mama ugonjwa. Chagua. Ama kazi, ama kukaa nyumba moja na mama yangu."

"Na wewe je? Si unafanya kazi chuo kilekile?"

"Mimi niko getini, kwenye hewa safi. Sishiki uchafu."

Loo! Damu ilinipanda. Huyu mtu nimemzalia, nimemfulia, nimemlea mama yake. Leo ananipa amri kama kibarua.

"Sikiliza, Baba Kindness," nilisema. "Kazi siachi. Na mama yako hataugua kwa ajili yangu. Yote mawili nitayafanya. Kama unaniogopa, nitalala kwenye stoo ya mahindi. Nitakula na sahani yangu. Lakini asubuhi nitashika dekio langu, nitakwenda."

"Unanibishia?"

"Ndiyo, nakubishia."

Kutoka chumbani tulisikia sauti ya Bibi Domitila. Masikio yake bado ni mazima.

"Leonsi! Huyu mwanamke anaoga kabla ya kunisalimia. Wewe huwa unaoga?"

Leonsi alichukua tochi yake, akaenda zake lindoni.

Usiku ule nilihamia stoo. Nilisogeza magunia ya mahindi ukutani. Niliondoa kipande cha bati kilichoziba dirisha. Hewa iliingia, na baridi iliingia pia. Nilijifunika blanketi mbili, nikalala na hasira zangu.

Kumbe ya nyumbani yalikuwa madogo. Kesho yake nilikwenda bombani na ndoo. Mama Brayan, jirani yetu, alinyoosha mkono kunizuia.

"Mama Kindness, simama hukohuko. Watu wanasema ninyi wa chuo mna korona. Usishike koki yetu."

"Koki yenu? Bomba hili ulilichimba wewe?"

"Sisi tuna watoto."

"Na mimi sina?"

Wanawake wengine waliangalia pembeni. Niliweka ndoo chini. Nilitoa kipande cha sabuni mfukoni, nikanawa mikono mbele yao. Nikaiosha na ile koki. Nikakinga maji yangu taratibu hadi ndoo ikajaa.

"Sasa imekuwa safi kuliko ilivyokuwa," nilisema. "Karibuni." Nikajitwisha ndoo yangu, nikaondoka bila kugeuka. Nilipofika nyumbani nililia. Lakini wao hawakuniona nikilia, na hilo ndilo nililotaka.

Mwezi wa nne, mlinzi mmoja, Yoakimu, alishikwa na homa na kikohozi. Alisema chakula hakina ladha wala harufu. Alipelekwa hospitali, akapimwa. Ilikuwa korona. Haukupita muda, Damasi, mkuu wa walinzi, naye akaanza kukohoa. Akaambiwa akae nyumbani.

Maneno yakaanza. Si unajua watu? Walisema ugonjwa umetoka vyooni. Walisema sisi wa usafi ndio tuliouleta. Bwana Edward alituita tena uwanjani.

"Jamani, nimefikiri," alisema. "Kuanzia kesho watu wa usafi mkae nyumbani kwanza."

Nilipiga hatua moja mbele. "Na bweni la wale wanafunzi atasafisha nani? Wewe?"

"Mama Kindness, punguza sauti."

"Sipunguzi! Tunaosafisha ni wazima. Walinzi ndio wanaougua. Mbona wanaofukuzwa ni sisi?"

Nesi Brigita alimgeukia Bwana Edward.

"Hilo ni swali zuri," alisema. "Kati ya watu wa usafi hakuna hata mmoja mwenye homa. Wagonjwa wote ni walinzi. Basi kuna kitu kwa walinzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nipe leo nitazame kazi yao, kisha uamue."

Nesi alikwenda getini. Mimi nilimfuata na ndoo yangu, sikungoja kuitwa. Alimkuta Rashidi, mlinzi wa mchana.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, walinzi huwa mnakula sahani moja?"

"Tulikuwa tunakula sinia moja. Tumeacha tangu ulipotukataza."

"Mnakunywa kikombe kimoja?"

"Hapana. Kila mtu na chake."

"Mnavaa koti moja?"

"Kila mtu ana koti lake, Nesi. Na tunanawa. Ndoo ya koki ile pale, na sabuni."

Kweli, ndoo ilikuwepo na sabuni ilikuwa imelowa. Nesi alikuna kichwa. Mimi nilifuta kitasa cha kibanda, ingawa nilikuwa nimekifuta asubuhi. Hatukuona kosa lolote.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, mume wangu alikuja kupokea zamu. Alinawa mikono vizuri, mpaka kwenye viwiko. Alisimama mbali na Rashidi, kama alivyofundishwa. Rashidi alishusha barakoa yake. Akatoa filimbi shingoni, akaipuliza. Prii! Akamrushia Leonsi. Leonsi akaidaka. Akashusha barakoa yake, akaipeleka mdomoni.

Niliitupa ndoo yangu chini.

"Simama!" nilipiga kelele. "Leonsi, usiiweke mdomoni!"

Nilimkimbilia, nikaishika kamba ya filimbi. Ilikuwa bado imelowa mate ya Rashidi.

"Nesi! Ni hii hapa! Wanapuliza wote filimbi moja, na hawaifuti!"

Nesi Brigita alishika kiuno. "Mungu wangu! Yoakimu aliipuliza hii?"

"Wote tunaipuliza," Rashidi alijibu polepole. "Yoakimu alimkabidhi Damasi. Damasi alinikabidhi mimi. Mimi ninamkabidhi Leonsi."

"Mnakaa mbalimbali, mnanawa mpaka viwikoni, halafu mnapeana mate mdomo kwa mdomo!" alisema Nesi. "Wanangu, ugonjwa unatoka mdomoni. Niliwaambia nini siku ile? Mtu anaweza kuwa nao kabla hajaanza kukohoa. Anajiona mzima, kumbe anaugawa."

Rashidi alijifuta mdomo kwa mkono, kisha akakimbilia ndoo ya maji. Lakini mume wangu alikuwa ananitazama mimi. Macho yalikuwa mekundu.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Achia filimbi."

"Siachii."

"Filimbi hii ni ya Mzee Xaveri. Imepulizwa tangu mkoa huu haujawa na hata ofisi. Haijaua mtu. Achia!"

Aliivuta kwa nguvu, kamba ikanikata kidole. Akaiweka mdomoni huku ananitazama usoni. Akaipuliza. Prii! Ilikuwa ndefu, ya makusudi.

"Sasa lindo ni langu," alisema. "Nenda nyumbani."

Nesi Brigita alimnyang'anya ile filimbi akiwa amevaa glavu, akaitia kwenye mfuko. Alikuwa amechelewa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na hofu. Nilimweleza Bibi Domitila yote. Nilidhani atamtetea mwanawe. Alitafuna mdomo wake usio na meno.

"Ile filimbi naipenda," alisema mwishowe. "Ikilia najua usiku umepita na mwanangu hajaumizwa na wezi. Lakini mimi sijafikia umri huu kwa ujinga. Kuanzia kesho Leonsi anakunywa chai uwanjani. Mimi nitakaa hapa mlangoni. Tutaongea kwa sauti."

Ikawa hivyo. Asubuhi Leonsi alikuta kikombe chake kwenye kigoda, katikati ya uwanja. Alinuna. Alisema nimemtenga na mama yake. Bibi alimjibu kutoka mlangoni, "Kunywa chai, acha maneno."

Bwana Edward hakuturudisha nyumbani tena. Aliniambia, "Endelea na kazi, Mama Kindness." Hakuomba radhi, na mimi sikumdai. Nilikuwa na la kwangu la kuhofia. Kila siku nilimtazama mume wangu kwa pembeni. Alikula. Alilala peke yake chumbani kwake. Nikaanza kufikiri kwamba labda tumepona.

Kisha ikaja asubuhi moja. Getini hakukuwa na filimbi tena, kwa hiyo hatukujua saa. Bibi alikuwa ndani anasubiri. Nilimwona Leonsi akivuka barabara. Alikuwa anatembea kama mlevi. Barakoa ilikuwa mkononi. Hakusimama kwenye kigoda. Alikuja moja kwa moja mlangoni.

"Nasikia baridi," alisema. "Nataka kulala."

Nilisimama katikati ya mlango. Nilivaa barakoa yangu, nikaweka mikono pande zote mbili.

"Hapa huingii."

"Mama Kindness, naumwa. Nipishe."

"Najua unaumwa. Ndiyo maana huingii."

"Hii ni nyumba yangu!"

"Na aliyeko ndani ni mama yako! Ulisema nitamletea ugonjwa. Sasa ugonjwa umekuja nao wewe, na mimi ndiye ninayesimama hapa. Nipige ukitaka. Sitoki."

Aliinua mkono. Wallahi sijui alitaka kunisukuma au kushika ukuta. Kikohozi kilimkamata, akainama. Kutoka ndani sauti ya Bibi ikatoka, nyembamba lakini kali.

"Leonsi! Msikilize mkeo. Nenda stoo. Mama yako amekuambia."

Leonsi alikaa chini kwenye vumbi. Alianza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika baba yake.

"Mama atakufa kwa ajili yangu," alisema.

"Hafi mtu," nilimwambia. "Inuka. Stoo ni safi, nimelala humo mwenyewe. Dirisha liko wazi. Blanketi ziko mbili."

Nilimpigia simu Nesi Brigita. Alikuja na mtu wa hospitali, wakachukua kipimo. Kabla hawajaondoka Nesi alinieleza kazi yangu, na mimi nakueleza wewe unayesoma, kwa sababu hujui siku yako.

"Mgonjwa akae chumba chake peke yake," alisema. "Dirisha liwe wazi. Awe na sahani yake, kikombe chake, taulo yake. Mtu mmoja tu amhudumie, tena mwenye afya. Siyo mzee, siyo mtoto. Ukiingia, wote wawili mvae barakoa. Usikae sana. Ukitoka, nawa kwa sabuni. Vyombo vyake osha kwa maji ya moto na sabuni. Mpe maji mengi, uji, matunda. Homa ikipanda, mpe dawa ya kushusha homa nitakayokuachia."

"Na kujifukiza? Bibi ameshachemsha majani ya mkaratusi."

"Mvuke hauui kirusi cha korona. Na wengi wameungua uso. Mwambie Bibi majani yale amwagie kuku." Kisha alinikazia macho. "Sikia hili vizuri. Akianza kupumua kwa shida, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi, au akichanganyikiwa, usingoje hata dakika. Nipigie, aende hospitali. Na wewe usije kazini. Bibi na Kindness nao wasitoke. Mnaweza kuwa nao bila kujua."

Hilo la kutokwenda kazini liliniuma. Nilikuwa nimepigania dekio langu kote kule, sasa naliacha mwenyewe. Lakini nilikubali. Kubisha na mjinga ni sawa. Kubisha na ukweli ndiko kulikomlaza mume wangu stoo.

Majibu yalikuja. Ilikuwa korona. Tulifunga geti letu la miti. Kindness alibaki chumba kimoja na bibi yake, akimsomea kitabu cha shule. Mimi nilichemsha, nilifua, nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Maji yakaisha katika ndoo zote. Nilisimama uani nikiangalia ndoo tupu. Nikasikia mtu anaita kutoka njiani.

"Mama Kindness!"

Alikuwa Mama Brayan. Amevaa barakoa ya kitenge, amesimama mbali. Chini ya uzio alikuwa ameweka ndoo mbili za maji.

"Nesi Brigita alikuja bombani kutufundisha," alisema. "Nitaleta kila asubuhi. Usiwaze."

"Koki hamkuiogopa?"

Alicheka kwa aibu. "Tunaiosha. Kama ulivyoiosha wewe."

Maneno yake ya siku ile sikuyasahau. Lakini maji niliyapokea, na asante nikasema.

Siku moja mchana Bibi Domitila alikohoa. Nilikuwa uani. Nilidondosha sufuria. Niliingia mbio.

"Mama! Unaumwa? Kifua? Homa?"

Bibi alikohoa tena, machozi yakamtoka. Alinyoosha kidole kwa Kindness.

"Mtoto wako," alisema, "ametia pilipili kwenye maharage!"

Nilikaa sakafuni nikacheka. Kindness naye akacheka. Kutoka stoo tukasikia sauti dhaifu ya Leonsi, "Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima!" Bibi alipiga kelele. "Pona wewe uje umchape binti yako!"

Leonsi alipona polepole. Kwanza alirudiwa na hamu ya uji. Kisha akasema anasikia harufu ya mahindi. Siku Nesi Brigita alipomruhusu kutoka, alikaa juani akiwa amekonda. Bibi na Kindness hawakuugua. Mimi sikuugua. Nilimletea chai kwenye kigoda chake.

"Mama Kindness," alisema. "Ningeingia mlangoni siku ile."

"Najua."

"Ulinizuia mimi, mwanaume, kwenye nyumba yangu."

"Na kesho nitakuzuia tena ikibidi."

Alitikisa kichwa, akanywa chai. Baada ya muda akasema, "Asante." Neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko kikohozi. Nilitaka kumtania, lakini nikamwongezea chai tu.

Yoakimu alipona pia. Damasi alilazwa hospitali na kuwekewa oksijeni, lakini alirudi kwake akiwa hai. Kazi ya lindo ilikuwa imekosa mpango. Walinzi walikuwa wanapokezana kwa kusemeshana tu, na wengine walidai hawajapokea. Leonsi aliporudi kazini, aliomba wakutane uwanjani. Bwana Edward alikuwepo, na Nesi, na sisi wa usafi.

"Mimi ndiye niliyeipuliza ile filimbi baada ya kukatazwa," alisema Leonsi. "Mnaniona nilivyo. Desturi ya Mzee Xaveri ni kukabidhi lindo mbele ya masikio ya watu. Hiyo tutaitunza. Mate hatutapeana tena."

Alikuwa ameleta rimu ya gurudumu la lori kutoka gereji. Waliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya geti. Mlinzi anayetoka anaipiga mara moja kwa kipande chake cha nondo. Anayeingia anajibu kwa nondo yake mwenyewe. Kila mlinzi alipewa pia filimbi yake ya kuitia msaada, haiazimwi wala haishikwi na mwingine. Na mimi nilipewa kazi ya kuiangalia ndoo ya geti isikose maji na sabuni. Nilisema hiyo nimeshaifanya siku zote, lakini sasa andikeni jina langu.

Mwezi wa sita vyuo vilifunguliwa. Wanafunzi walirudi na mabegi yao. Nilisimama getini na ndoo yangu. Gari kubwa la mkuu mmoja lilitaka kupita bila kusimama. Niligonga kioo.

"Shikamoo, mheshimiwa. Teremka unawe."

"Nina haraka, mama."

"Korona nayo ina haraka. Sabuni hii hapa."

Alinitazama. Nikamtazama. Akateremka, akanawa.

Kesho yake alfajiri nilikuwa jikoni. Bibi Domitila alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani, amekaza sikio. Kutoka getini mlio mzito ulipita juu ya barabara. Ngaa! Kimya kidogo. Kisha ukajibiwa, ngaa!

"Hicho chuma kinapiga kelele mbaya," alisema Bibi. "Kama mtu anavunja sufuria."

"Ndiyo, Mama. Ni mbaya."

"Aliyepiga wa kwanza ni mwanangu?"

"Ni yeye, Mama. Anatoka zamu."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Basi weka chai, Romana," alisema. "Na kigoda chake kirudishe ndani."